Kwenda Unguja kwa Mara ya Kwanza

Mtoto wa Kikwe amezoea kuuona mlima Meru kila siku isiyo na mawingu. Akipotea sokoni Arusha huinua macho, akauona mlima, akajua kaskazini ni upande gani. Unguja hakuna mlima. Mji wake wa kale, uitwao Mji Mkongwe, umejengwa juu ya rasi ya ardhi tambarare, na nyumba zake za mawe zimesongamana hata mtu asimamaye katika kichochoro haoni ila ukanda mwembamba wa mbingu juu ya kichwa chake. Watu wengi wa bara waliokwenda huko mara ya kwanza walipotea, wengine walidanganywa, na wengine walirudi wakisema kwamba wenyeji ni wakali, kumbe wao wenyewe hawakuamkia. Sura hii imeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi atakayekwenda, pamoja na mwalimu wake au na wazazi wake, asipatwe na hayo.

Kwanza ni safari ya barabara. Kutoka Kikwe tunapanda hata barabara kuu iendayo Moshi, na huko tunaingia basi litokalo Arusha. Ni mwendo wa kutwa nzima hata Dar es Salaam, kwa njia ya Moshi, Same, Korogwe na Chalinze. Keti upande wa kushoto ukiweza, ili uione milima ya Upare na ya Usambara. Mfikapo Korogwe mtavuka daraja la mto Pangani. Watoto wengi husinzia hapo, nami husikitika, kwa sababu maji yale ni jamaa zetu: mito yetu itokayo Meru huingia Kikuletwa, nayo Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na toka hapo maji hushuka kwa jina la Pangani hata baharini. Kwa hiyo, kabla hujaiona bahari, umekwisha kukutana na maji yaliyotoka kwenu, nayo yaenda huko huko uendako.

Mabasi ya bara hufikia kituo kikubwa cha Mbezi, kilichofunguliwa mwaka wa 2021. Toka hapo hata bandarini ni mbali. Yako mabasi ya mwendo kasi yaendayo mjini hata Kivukoni, na bandari ya boti za Unguja haiko mbali na hapo. Aghalabu hufika jioni, basi lala Dar es Salaam, uvuke asubuhi. Usikubali kuvuka usiku kwa chombo cha mtu usiyemjua.

Sasa sikilizeni neno la tiketi. Tiketi hununuliwa dirishani, katika ofisi ya wenye boti, wala si kwa mtu asimamaye njiani. Nitawaambia jambo lililonipata, ijapokuwa ni aibu kwa mwalimu kulisema mbele ya wanafunzi wake. Miaka kadhaa iliyopita niliongoza watoto kumi na wanne wa darasa la sita. Fedha zilikuwa za wazazi, zimechangwa shilingi kwa shilingi, na nyingine zilipatikana kwa kuuza mahindi kabla bei haijapanda. Tulipofika bandarini palikuwa na watu wengi. Akatujia mtu mmoja amevaa shati safi la buluu, na kadi imening'inia shingoni mwake, akaniita “mwalimu” kana kwamba tumejuana tangu zamani. Akasema tiketi za dirishani zimebaki chache, ila yeye aweza kunisaidia kupata tano zilizopungua. Nami nilikuwa nimechoka, na watoto walikuwa na njaa, nikampa fedha. Akaenda, akarudi na karatasi tano, akatuaga kwa adabu.

Tulipofika mlangoni, mlinzi alizitazama karatasi zile, akanionyesha tarehe. Zilikuwa za jana. Nilipogeuka, yule mtu hakuwapo.

Nikazihesabu fedha zilizobaki. Hata nikitoa fedha zote za chakula cha siku mbili, ilikuwa bado nauli ya mtoto mmoja. Nilipokuwa nikihesabu mara ya pili, kama mtu anayetumaini kwamba fedha zitaongezeka kwa kuhesabiwa, alikuja msichana mmoja akafungua fundo katika pindo la nguo yake. Bibi yake alimfungia humo fedha za kununua kanga ya Unguja. Akanipa zote. Nilizipokea, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine. Mwisho wa mwezi nilimrudishia, lakini kanga haikununuliwa, na bibi yake hakungoja safari ya pili. Tangu siku hiyo, hata mtu akija na kadi tatu shingoni, mimi huenda dirishani.

Mtu mzima na achukue kitambulisho chake, na mwalimu achukue barua ya shule yenye majina ya watoto, maana jina la kila abiria huandikwa. Tena soma saa kwa uangalifu. Tiketi imeandikwa kwa hesabu ya kizungu: 07:00 ni saa moja asubuhi, wala si saa saba. Nimewaona watu wazima, wenye elimu, wamefika bandarini saa sita mchana na masanduku yao, nayo boti imekwisha kwenda na kurudi.

Boti za mwendo wa mbio huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Mtu ambaye hajazoea bahari aweza kutapika. Usile chakula kizito asubuhi ile, keti sehemu ya katikati au ya nyuma, ambako chombo hutikisika kidogo kuliko mbele, nawe utazame mbali, pale mbingu na maji vinapokutana, wala usiiname kusoma kitabu. Pepo nazo zina majira yake. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kusi huanza Aprili au Mei ikaendelea hata Septemba. Wakati wa kusi bahari huchafuka zaidi, hasa Juni na Julai, nayo ndiyo miezi ya likizo yetu ya katikati ya mwaka. Kwa sababu hiyo mimi hupenda likizo ya Desemba, ijapokuwa joto ni kali.

Neno hili la bahari kuchafuka si mchezo. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama usiku karibu na Nungwi. Ilikuwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi chake, na watu walikufa kwa mamia. Haujapita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe kwa upepo na mawimbi. Hiyo ilikuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, yaani katika njia hii hii tunayoisema. Wengi walikufa, na wengine hawakuonekana hata leo. Basi uingiapo chomboni, jambo la kwanza ni kuuliza jaketi za kuokolea maisha ziko wapi na huvaliwaje. Na ukiona watu wamesimama hata njia za kupita zimezibwa, shuka. Utapoteza nauli, na watu watakucheka. Shuka.

Mkikaribia Unguja mtaona mji mweupe umekaa juu ya maji, na minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu imechomoza juu ya mapaa. Hapo gatini wapo vijana wanaowaandama wageni wakitaka kuwapeleka nyumba za kulala au kuwauzia hiki na hiki. Wenyeji wenyewe wamewapa jina la papasi, yaani mdudu afananaye na kupe, maana akishika haachi. Si wote walio wabaya, nao hutafuta riziki zao. Lakini usimpe mtu mzigo wako akubebee kabla ya kupatana ujira, wala usimfuate mtu kwa sababu tu amekwita ndugu. Mwambie, “Ahsante, nina mwenyeji wangu,” uendelee kutembea. Usimtukane.

Sasa tuseme habari ya kutembea mjini bila kupotea. Mji Mkongwe una bahari pande mbili, na upande wa tatu, wa mashariki, umepakana na barabara kubwa. Zamani mahali pa barabara hiyo palikuwa na hori la bahari, na ng'ambo ya hori waliishi watu waliokuwa maskini zaidi. Ndiyo maana mitaa ya upande ule huitwa Ng'ambo hata sasa, na soko lililo kando ya barabara huitwa Darajani, kwa sababu ya daraja lililokuwapo, ingawa hori limejazwa udongo na daraja halipo tena. Mwenye kujua hayo hapotei sana. Ukichanganyikiwa katika vichochoro, chagua upande mmoja uende mbele bila kugeuka-geuka. Haitapita robo saa au nusu saa ila utatokea ama baharini ama barabarani. Na majina ya mitaa yatakusaidia, kwa kuwa ni Kiswahili kitupu: Mkunazini palikuwa na mkunazi, na Sokomuhogo paliuzwa muhogo.

Tena pako kuuliza. Mbele ya nyumba nyingi kuna mabaraza ya mawe, na wazee huketi hapo wakinywa kahawa. Mtu wa bara akiwa na haraka huenda moja kwa moja akasema, “Njia ya Forodhani ni ipi?” Huyo atajibiwa, lakini kwa ufupi. Wewe simama, ushike adabu, useme, “Shikamoo, mzee.” Akiitikia marahaba, mjulie hali, naye atakujulia hali, kisha uulize. Utaona kwamba hakuonyeshi njia tu, bali humwita mjukuu wake akupeleke. Na usimwite mwanamke mtu mzima “wewe mama” kwa sauti ya kumwita mchuuzi. Mwite Bi, au shangazi, au bibi kwa umri wake.

Katika lugha pia kuna la kujifunza. Kiswahili tusomacho shuleni kimejengwa juu ya msemo wa Unguja, uliochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka wa 1928. Kwa hiyo mwenda Unguja ni kama mtu aliyekunywa maji ya mfereji miaka yote, sasa aenda kuiona chemchemi. Hata hivyo utasikia maneno yasiyo ya kwetu. Shule wao huita skuli, nyanya huita tungule, viazi huita mbatata, na mkate wa dukani huita boflo. Mwanafunzi wangu mmoja aliagiza nyanya, mwuzaji akamwuliza kwa mzaha kama bibi yake amepotea. Usione haya ukichekwa. Cheka nawe, kisha uliandike neno.

Unguja wengi ni Waislamu. Mavazi na yafunike mabega na magoti, kwa wasichana na kwa wavulana vilevile. Nguo za kuogea ni za baharini tu. Usiingie msikitini kutazama tu pasipo kukaribishwa, wala usimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala. Na mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana, hata kama wewe hufungi.

Jioni watu hukusanyika bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe ambayo Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwaka wa 1698. Huko huuzwa mishikaki, pweza, samaki wa kuchoma, na maji ya miwa yaliyotiwa ndimu na tangawizi. Uliza bei kabla ya kula, wala si baada. Chagua meza ambayo wenyeji wameisonga, na chakula kinachotoka motoni sasa hivi. Samaki aliyelala tangu jana rangi hubadilika, na mchuzi mwingi humficha. Urojo nao ujaribu, maana huku kwetu haupo: ni supu ya unga yenye ndimu na embe mbichi, na ndani yake bajia na mbatata. Mtoto aliyezoea ndizi za kupika na nyama atakunja uso kijiko cha kwanza.

Karibu na hapo ni Beit al-Ajaib, jumba kubwa lililojengwa na Sultani Barghash mwaka wa 1883. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, wakati mafundi walipokuwa wakilitengeneza, na watu wakapoteza maisha. Uliza kwanza kama laingiwa. Milango ya nakshi utaiona kila mtaa, na kuitazama hakuna malipo.

Mahali ambapo nataka mkae muda mrefu ni Mkunazini. Palikuwa na soko la watumwa, la mwisho lililokuwa wazi katika Unguja. Watu waliokamatwa bara, wengine toka pande za ziwa Nyasa na Tanganyika, waliletwa hapo baada ya kutembea kwa miguu miezi mingi na kuvuka bahari wamebanwa katika majahazi. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kulifunga. Mwaka ule ule ukawekwa msingi wa kanisa mahali pale pale. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wake, ndiye aliyetunga kitabu cha kufundishia Kiswahili kilichopigwa chapa mwaka wa 1870. Alikufa mwaka wa 1882, na kaburi lake li nyuma ya madhabahu. Husimuliwa kwamba madhabahu imesimama penye mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa. Na msalaba mmoja uliomo umetengenezwa kwa mti wa Chitambo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa.

Lakini jueni ya kwamba kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Biashara iliendelea kwa siri, na utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria katika Unguja ila mwaka wa 1897; hata hapo masuria hawakuhesabiwa, wakangoja mpaka mwaka wa 1909.

Nje ya kanisa kuna shimo lililojengwa kwa mawe, na ndani yake sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden. Husemwa kwamba mnyororo ule ni wa kweli, wa siku zile. Jirani yake kuna vyumba viwili vya chini, vyenye dari fupi, na mwongozi atawaambia kwamba watumwa waliwekwa humo kabla ya kuuzwa. Wako wanahistoria wasemao kwamba jengo lile lilijengwa baada ya soko kufungwa, kwa hiyo vyumba havikuwa vya watumwa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu pande zote mbili. Soko lilikuwapo, hilo halina shaka. Na watu waliouzwa hapo hawahitaji tuwaongezee chumba. Ukiingia humo, vua kofia, usicheke, wala usijipige picha ukiwa umeshika mnyororo. Niliona watu wazima wakifanya hivyo, nami sikusema neno. Ningalisema.

Siku moja na mtoke nje ya mji. Katika msitu wa Jozani yumo kima punju, ambaye hapatikani mahali pengine duniani ila katika visiwa vya Zanzibar. Msimpe chakula. Na pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, mtaona jambo linaloshangaza watu wa bara kuliko majumba yote: bahari kuondoka. Maji hupwa kwa saa sita hivi, mchanga ukabaki mtupu mbali sana, kisha hujaa tena saa sita. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo hupwa na kujaa zaidi, nayo huitwa bamvua. Mtoto asiyejua huweka viatu vyake mchangani, akaenda mbali kuokota kombe, na arudipo havipo. Hasara ya viatu si kitu; maji yakijaa nyuma yako, katika mabonde ya mchanga, huweza kukukata njia. Muulize mwenyeji saa ya kujaa kabla hujaingia, na uanze kurudi mara uonapo maji yamegeuka. Vaa viatu, kwa ajili ya vijidudu vyeusi vyenye miiba mirefu vikaavyo penye mawe. Na kamba zilizofungwa vijitini ni mashamba ya mwani ya wanawake wa pale, zunguka, usizikanyage.

Kwa kurudi, nunua tiketi yako mapema, tena dirishani. Mtu wa kwenu akikuagiza karafuu, nunua vipakiti vidogo vya dukani, wala usichukue mfuko mzima kwa mtu wa shamba hata akikuuzia rahisi, kwa maana biashara ya karafuu iko mikononi mwa serikali ya Zanzibar, na kuzitorosha ni kosa. Vipakiti hivyo usivitie pamoja na nguo. Koti langu moja lilinuka karafuu tangu Januari hata Pasaka. Na ikiwa bibi yako amekupa fedha za kanga, inunue siku ya kwanza.